Je, ni kweli nyaraka zote za Ayalandi ziliungua mwaka 1922? Naomba ushauri kabla sijarudi kwenye hifadhi za kaunti

Bintitanga (Massachusetts)

Salaam kwenu nyote. Naandika kwa wale wenye uzoefu wa kutafuta nasaba katika hifadhi za nyaraka za Ayalandi, na najua humu wapo wanaoishi huko pamoja na waliowahi kufanya kazi katika ofisi za kumbukumbu. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu swali langu halieleweki bila historia yake.

Mume wangu ni Mmarekani wa asili ya Kiayalandi. Watoto wetu wanaujua vizuri ukoo wangu wa Tanga, maana bibi zao wamewasimulia jina kwa jina, lakini upande wa baba yao wanaishia kwa bibi mmoja aliyeitwa Bridget, ambaye ndiye mama mzazi wa babu yake mume wangu. Bibi huyo aliondoka kaunti ya Mayo akiwa msichana mwanzoni mwa miaka ya 1880, akafanya kazi za ndani katika nyumba za watu mjini Boston, akaolewa na kufia huku huku. Jiwe la kaburi lake linasema kwamba alikuwa mzaliwa wa parokia ya Kilcolman, kaunti ya Mayo. Cheti chake cha kifo kinawataja wazazi wake kuwa Michael na Catherine, bila kueleza Catherine alitoka ukoo gani, na kwa hesabu ya umri inaonekana alizaliwa kati ya 1861 na 1863. Jina lao la ukoo ni miongoni mwa yale yaliyojaa Mayo nzima, kwa hiyo peke yake halisaidii kitu.

Kiangazi kilichopita tulisafiri familia nzima tukiwa na nia ya kuutafuta mzizi wake. Kabla ya safari niliiandikia hifadhi moja ya serikali ya mitaa magharibi mwa nchi, nikajibiwa kwa adabu kwamba chumba cha kusomea hufunguliwa kwa miadi tu na kwa siku chache za juma, na kwamba vitabu vinatunzwa katika jengo jingine nje ya mji, hivyo ni lazima viagizwe mapema kwa namba ya jalada. Nilipouliza namba hizo zinapatikana wapi, niliambiwa kwamba orodha ya nyaraka haijawekwa kwenye intaneti na kwamba ipo ndani ya chumba cha kusomea, katika faili la karatasi. Maana yake ni kwamba ili niijue namba ilinibidi kwanza nifike, na ili nikikute kitabu mezani ilinibidi niwe nimeipeleka namba kabla ya kufika.

Nilipofanikiwa kuketi mezani niliomba rejesta ya watu waliopokelewa katika nyumba ya maskini, kwa kuwa familia ilikuwa na masimulizi kwamba Bridget aliwahi kulelewa humo baada ya baba yake kufariki. Niliambiwa rejesta haipo, kilichobaki ni kumbukumbu za vikao vya bodi. Nikaletewa vitabu vikubwa vilivyoandikwa kwa mkono mzuri sana, na ndani yake nikasoma habari za zabuni za maziwa na unga wa mahindi, mishahara ya walinzi, na idadi ya waliolala humo kila wiki, lakini hakuna jina hata moja la maskini mwenyewe. Kulikuwa pia na rejesta ya wanafunzi ya shule moja iliyoanza miaka ya 1870, ila nilinyimwa kwa sababu kurasa zake za mwisho zinafika miaka ya 1930, na kitabu kikiwa kimoja hufungwa chote. Kutoka hapo nilielekezwa kwenye kituo cha nasaba ambacho kina faharasa ya vitabu vya ubatizo, lakini mgeni haruhusiwi kukiona kitabu chenyewe, bali hulipia utafutaji na kupewa matokeo, na mimi nilipewa orodha ya akina Bridget kadhaa wasiolingana na wazazi ninaowafahamu.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba kila nilipouliza sababu ya pengo fulani, jibu lilikuwa lile lile: mwaka 1922 kila kitu kiliteketea Dublin. Baadhi ya waliosema hivyo walikuwa wafanyakazi wa ofisi, wengine walikuwa watafutaji wenzangu waliokata tamaa. Naomba kujua kutoka kwenu kama maelezo hayo ni ya kweli kwa familia maskini ya Kikatoliki kama hii, na kama hifadhi za kaunti zinastahili safari nyingine, au afadhali nibaki na yale yaliyomo kwenye mtandao.

---

Mwalimu Mstaafu (Dublin)

Dada Bintitanga, pole kwa usumbufu huo. Nimeishi Dublin kwa muda mrefu, na tangu nistaafu nimekuwa nikiwasaidia marafiki kutafuta jamaa zao katika nyaraka za nchi hii, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Nianze na suala la moto, kwa sababu linasemwa ovyo na limewafanya watu wengi waache kutafuta vitu ambavyo vipo.

Tarehe 30 Juni 1922, siku chache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza, jengo la hazina ya Ofisi ya Kumbukumbu za Umma lililokuwa ndani ya eneo la mahakama za Four Courts lililipuka na kuungua. Hasara ilikuwa kubwa mno. Zilipotea sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 isipokuwa vipande, ziliungua wosia za karne nyingi, kumbukumbu za mahakama tangu zama za kati, na zaidi ya nusu ya rejesta za Kanisa la Ayalandi, yaani lile la Kianglikana, ambazo zilikuwa zimekusanywa hapo kwa mujibu wa sheria. Mwaka mmoja kabla, tarehe 25 Mei 1921, jengo la Custom House lilikuwa limechomwa pia, na humo zikateketea nyaraka za bodi kuu iliyosimamia serikali za mitaa na misaada ya maskini. Yeyote anayetafuta mababu waliokuwa na mali au waliokuwa Waanglikana ana haki kamili ya kuulaani moto huo.

Lakini sasa hebu tumwangalie Bridget wako. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya Wakatoliki havikuwahi kupelekwa Four Courts, vilibaki mikononi mwa mapadri parokiani. Usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo, ulioanza kwa watu wote tarehe 1 Januari 1864, ulikuwa chini ya ofisi nyingine na umesalimika. Uthamini wa ardhi wa Griffith, yaani orodha ya wapangaji wa ardhi na thamani yake iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, upo wote, na vitabu vya zaka, yaani orodha za wakulima waliodaiwa zaka ya kanisa, vya miaka ya 1823 hadi 1838 vimebaki kwa sehemu kubwa. Na zile sensa ambazo zingekufaa kuliko zote, yaani za 1861, 1871, 1881 na 1891, hazikuguswa na moto wa 1922 kwa sababu hazikuwepo tena: mbili za kwanza ziliharibiwa kwa amri ya serikali baada ya takwimu kuchotwa, na mbili zilizofuata zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nalisisitiza hili kwa sababu moto umekuwa maficho ya uamuzi wa makarani. Sensa nne za nchi nzima zilitoweka bila risasi kupigwa, na wanaotaja 1922 kila wanapoulizwa wanausahaulisha umma jambo hilo.

Kinachokukwaza wewe leo ni mgawanyo. Nyaraka za Ayalandi hutunzwa kwa kufuata mamlaka iliyoziandika, na kila mamlaka ilikuwa na mipaka yake. Nchi ina vitongoji vya ardhi, yaani vipande vidogo vya ardhi vyenye majina, zaidi ya 60,000, na kitongoji kimoja huwa ndani ya parokia ya kiraia, yaani mgawanyo wa zamani wa kiserikali, ndani ya parokia ya Kikatoliki yenye jina tofauti, ndani ya muungano wa sheria ya maskini, yaani eneo lililohudumiwa na nyumba moja ya maskini, ndani ya wilaya ya usajili, na ndani ya kaunti, na mistari hiyo haikai juu ya mwenzake. Muungano wa Ballinasloe, kwa mfano, ulichukua sehemu ya Galway na sehemu ya Roscommon. Jimbo kuu la Tuam limetandaa Mayo na Galway na kuingia Roscommon. Mtu anayefika kwenye hifadhi ya kaunti akiwa na jina la mtu tu hupewa majibu ya mkato kwa sababu vitabu vimepangwa kwa mahali. Akija na jina la kitongoji, mazungumzo hubadilika mara moja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukipata kitongoji, na hiyo unaweza kuifanya ukiwa Massachusetts. Bridget alizaliwa kabla ya 1864, basi yeye hana cheti cha serikali. Hata hivyo, wadogo zake, kama wapo, wanacho. Ingia kwenye tovuti ya serikali ya Irishgenealogy, ambapo picha za rejesta hutazamwa bila malipo kwa vizazi vilivyotimiza miaka 100, ndoa miaka 75 na vifo miaka 50, utafute watoto wa jina lenu la ukoo waliozaliwa kati ya 1864 na 1880 ambao baba yao ni Michael na mama yao ni Catherine. Rejesta ya kizazi hutaja kitongoji walichoishi wazazi na jina la ukoo alilozaliwa nalo mama. Usitegemee vyeti vya vifo vya huko, maana havitaji wazazi, na vya ndoa hutaja baba tu.

Ukishapata jina la ukoo la Catherine, nenda kwenye picha za vitabu vya parokia za Kikatoliki ambazo Maktaba ya Taifa iliziweka wazi bila malipo mwaka 2015, ambazo hufika takriban 1880. Hapo ndipo utamkuta Bridget, pengine kwa Kilatini kama Brigida, na wadhamini wake wa ubatizo wakiwa shangazi na wajomba. Hutalazimika kuitegemea faharasa ya mtu mwingine, ambaye huenda aliusoma mwandiko vibaya. Uwe tayari kwa tahajia zinazobadilika na kwa majina ya nyumbani, kwani Bridget huyo huyo anaweza kuandikwa Biddy au Delia.

Kuhusu swali lako la mwisho, ndiyo, hifadhi za kaunti zinastahili safari, lakini ziwe kituo cha mwisho.

---

Mtunza Kumbukumbu (Nairobi)

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu moto, lakini naomba kuwatetea kidogo wenzangu wa kaunti, kwa kuwa nimefanya kazi ya kuhifadhi nyaraka kwetu Kenya na baadaye nikaisomea Ayalandi, na nimeketi pande zote mbili za meza ile.

Dada Bintitanga, mambo uliyokutana nayo ni magumu kweli, na lile la orodha ya karatasi halina utetezi. Lakini utaratibu wa kufungua kwa miadi kwa kawaida unatokana na uchache wa watu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1994 iliziwajibisha halmashauri kutunza kumbukumbu zao na kuziweka wazi kwa wananchi, ila wajibu huo haukuja na mhifadhi nyaraka kwa kila kaunti wala jengo la kufaa. Matokeo yake mtu mmoja hupokea wageni, hujibu barua, husafisha ukungu kwenye vitabu, huandaa maonyesho na huandika katalogi, na kati ya kazi zote hizo katalogi ndiyo inayosubiri, kwa sababu anayeihitaji hayupo mlangoni. Mimi mwenyewe naona kosa liko kwa wanaopanga bajeti, ambao huona fahari kumkaribisha mjukuu wa mhamiaji kama mtalii lakini hawaajiri mtu wa kumfungulia kitabu.

Kuhusu rejesta za nyumba za maskini, naomba uelewe zilivyopotea. Miungano ya kwanza iliundwa kwa sheria ya mwaka 1838, na kila mmoja ulikuwa na vitabu vya aina mbili: vile vya bodi, ambavyo viliheshimiwa kama mali ya kisheria, na vile vya langoni, yaani rejesta za waliopokelewa, ambavyo vilionekana havina thamani baada ya aliyeandikwa kutoka au kufa. Nyumba hizo zilipofungwa au kugeuzwa hospitali katika miaka ya 1920, baadhi zikiwa zimekaliwa na askari na kuchomwa wakati wa vita, vitabu vya bodi vilihamishwa na vya langoni vikaachwa. Miungano ya Dublin ina bahati ya kuwa na rejesta nyingi, na za miungano ya kaskazini ziko Belfast katika ofisi ya kumbukumbu ya Ayalandi ya Kaskazini. Magharibi, ambako njaa ya 1845 hadi 1852 iliua watu wengi zaidi, ndiko majina yalikopotea zaidi. Hilo linanihuzunisha kuliko moto wa Four Courts, kwa sababu kwa wengi wa watu wale rejesta ya nyumba ya maskini ndiyo ingekuwa karatasi pekee duniani yenye majina yao.

Pamoja na hayo, usividharau vitabu vya vikao. Bodi nyingi zilijadili maombi ya nauli ya kuwasafirisha wasichana kwenda ng'ambo na malezi ya yatima nje ya nyumba, na humo jina la mtu hujitokeza pale usipolitarajia. Ni kazi ya kusoma ukurasa kwa ukurasa, na ndiyo maana inahitaji ukae mezani wewe mwenyewe.

Kuhusu ile rejesta ya wanafunzi, andika barua rasmi ya kuomba nakala ya kurasa za miaka ya 1870 peke yake. Si lazima kitabu kiletwe mezani ili ukurasa mmoja upigwe picha, na mhifadhi akipewa jina, mwaka na sababu huwa na nafasi ya kukusaidia bila kuvunja masharti ya faragha. Nyongeza ndogo: familia nyingi za Kiayalandi zilimpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la baba wa baba, na wa pili jina la baba wa mama, karibu sawa na desturi yetu Wakikuyu. Ukiwapata ndugu zake Bridget kwa mfuatano, majina yao yatakudokezea babu zao, ingawa desturi hiyo si ushahidi.

---

Bintitanga (Massachusetts)

Mwalimu na Mtunza Kumbukumbu, nawashukuru sana. Mmenitoa katika kukata tamaa, na sikuwa najua hata kidogo habari ya sensa zilizosagwa. Nimefuata njia ya wadogo zake kama Mwalimu alivyoelekeza. Nimetafuta katika wilaya ya usajili ya Claremorris, kwa sababu Kilcolman iko hapo na hata wale wa hifadhini walinielekeza huko, nikapata akina Michael wengi lakini hakuna hata mmoja aliyeoa Catherine. Nimepitia pia kurasa za kitabu cha ubatizo cha parokia hiyo kwa miaka ya 1860 hadi 1864. Bridget wapo, baba Michael wapo, ila hawakutani katika mstari mmoja na mama Catherine. Je, nifikirie kwamba cheti cha Massachusetts kilikosea jina la mama? Najua mtoa taarifa alikuwa mkwe wake, ambaye hakuwahi kufika Ayalandi.

---

Mkaazi wa Roscommon

Dada Bintitanga, usilikatae jina la mama bado. Naomba kwanza turudi kwenye jiwe la kaburi.

Mayo ya karne ya 19 ilikuwa na parokia mbili za kiraia zenye jina la Kilcolman. Moja ni hiyo uliyoitafuta, katika tarafa ya Clanmorris, ambako uko mji wa Claremorris. Ya pili ilikuwa katika tarafa ya Costello, na mji wake ni Ballaghaderreen. Mji huo pamoja na viunga vyake ulihamishiwa kaunti ya Roscommon kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya Ayalandi ya mwaka 1898. Mtu aliyeondoka miaka ya 1880 aliondoka Mayo, na aliendelea kujiita mtu wa Mayo mpaka kaburini, wala hakukosea. Hata leo klabu ya mpira wa Kigaeli ya Ballaghaderreen hushindana upande wa Mayo, na wazee wa hapa watakueleza mpaka huo kwa hisia ambazo ramani haionyeshi.

Hii ndiyo maana ya mipaka isiyokaliana aliyoisema Mwalimu, ila kwako imekuwa na madhara makubwa zaidi, kwa kuwa umeuliza katika kaunti ambayo haina tena mahali unapopatafuta. Ofisi yoyote ya Mayo ikiulizwa Kilcolman leo itafikiria Claremorris, na itakuwa imejibu kwa usahihi kulingana na ramani yake. Kikanisa nako ni tofauti kabisa. Claremorris imo katika jimbo kuu la Tuam, ilhali Ballaghaderreen ndipo lilipo kanisa kuu la jimbo la Achonry, ambalo lina sehemu za Mayo, Sligo na Roscommon. Kwenye picha za Maktaba ya Taifa tafuta jimbo la Achonry, na uangalie parokia iliyoorodheshwa kwa majina ya Castlemore na Kilcolman.

Zingatia jinsi jina la kaunti linavyogeuka kulingana na mwaka wa chanzo. Katika Uthamini wa Griffith kitongoji chako kitakuwa chini ya Mayo. Katika sensa za 1901 na 1911, ambazo Nyaraka za Taifa wamezifungua bila malipo, kitakuwa chini ya Roscommon. Kama Catherine au mmoja wa kaka zake Bridget alibaki kwenye shamba, utamkuta humo. Sensa ya 1911 huwauliza wanawake walioolewa idadi ya watoto waliowazaa na walio hai, na hiyo ni njia nzuri ya kujua kama kuna waliotoka nchini. Umri usiusadiki sana: wazee wengi walizeeka zaidi ya miaka kumi kati ya sensa hizo mbili, baada ya pensheni ya uzeeni kuanza Januari 1909 kwa waliotimiza miaka 70.

Pensheni hiyo yenyewe imeacha hazina. Kwa kuwa waombaji wengi hawakuwa na vyeti, maofisa walilazimika kuzitafuta familia zao katika sensa za 1841 na 1851 zilipokuwa bado zipo, na fomu za utafutaji huo zimehifadhiwa na kuwekwa kwenye mtandao wa Nyaraka za Taifa. Kama shangazi au mjomba wa Bridget aliomba pensheni, unaweza kuiona kaya ya babu yake ilivyoandikwa mwaka 1851, katika sensa ambayo umeambiwa haipo.

---

Mwalimu Mstaafu (Dublin)

Ndugu yetu wa Roscommon, ahsante. Nilipita juu ya jina la Kilcolman bila kulitilia shaka, na wewe umelifungua.

Niongeze jambo moja tu kuhusu ardhi ya upande huo, ili dada asije akapoteza safari nyingine. Sehemu kubwa ya eneo lile ilikuwa ya Viscount Dillon, mmoja wa mabwana ardhi wakubwa wa mpaka wa Mayo na Roscommon, ambaye makao yake yalikuwa Ditchley, Oxfordshire. Nyaraka za familia yake zinazohusu ardhi ya Ayalandi ziko katika hifadhi ya kaunti ya Oxfordshire, nje kabisa ya Ayalandi, na humo kuna vitabu vya kodi vyenye majina ya wapangaji. Mwaka 1899 ardhi hiyo ilinunuliwa na bodi ya serikali iliyoundwa 1891 kwa ajili ya wilaya maskini za magharibi, na bodi ilipovunjwa mwaka 1923 kazi zake zikaingia katika Tume ya Ardhi, chombo cha serikali kilichonunua ardhi ya mabwana na kuigawa kwa wapangaji. Majalada ya Tume hiyo yamewekwa Portlaoise, na kwa miongo mingi yamefungwa kwa watafiti wa kawaida. Humo kuna ramani za mashamba, mikataba, na mara nyingi barua za warithi walioandika kutoka Marekani kueleza uhusiano wao na mpangaji aliyekufa. Nani apumbazwe na kilio cha 1922 wakati hazina kama hiyo ipo nzima na mlango wake umefungwa kwa uamuzi wa watu walio hai? Wenye uraia wa Ayalandi humu tuendelee kuwaandikia wabunge wetu.

Kwa sasa, dada, anza na vitabu vya jimbo la Achonry. Ukimpata Bridget na kitongoji chake, linganisha na Griffith uone kama Michael ndiye mpangaji, kisha uagize Dublin vitabu vya marekebisho ya uthamini, ambavyo hutunzwa na Tailte Éireann, wakala wa serikali wa ardhi na ramani, na huonyesha kwa rangi za wino ni mwaka gani jina la mpangaji lilifutwa na nani akaandikwa mahali pake. Kama jina la Michael lilifutwa miaka ya 1870 na la Catherine likaandikwa juu yake, masimulizi ya familia kuhusu kifo cha baba yatakuwa yamepata tarehe. Hapo ndipo uiandikie hifadhi ya kaunti, safari hii ya Roscommon, ukiwataja wote watatu kwa majina, kitongoji na mwaka, na uombe waangalie kumbukumbu za bodi kwa miezi ile tu.

---

Bintitanga (Massachusetts)

Nimewasoma nyote usiku huu na nimefungua kitabu cha Castlemore na Kilcolman. Mwandiko ni mgumu na kurasa nyingine zimefifia, lakini tayari nimemwona Michael na Catherine wa jina letu wakimbatiza mtoto wa kiume mwaka 1866, na jina la ukoo la mama linasomeka. Naendelea kurudi nyuma kuelekea 1861. Nikikwama kwenye Kilatini nitaweka hapa nakala ya mstari huo mnisaidie kuusoma.